Tableti Badala ya Kompyuta ya Chemutai

Wazazi wenye watoto walio kolegi, someni hii polepole kabla hamjaingia dukani kumnunulia mtoto kitu ambacho hakuomba.

Chepngeno wa Endebess hakuwa mjinga, wala hakuwa mama wa kutojali. Alikuwa na ng'ombe wake wa maziwa, kipande chake cha mahindi, na binti mmoja tu, Chemutai. Baba ya Chemutai alifariki msichana akiwa bado shule ya msingi, na tangu siku ile mama alimlea peke yake mpaka akafika chuo kimoja huko Bungoma. Alikuwa akisomea kuchora ramani za majengo. Alikuwa amebakisha kazi ya mwisho tu: ramani kamili ya jengo moja, aionyeshe mbele ya walimu, waipitishe, amalize.

Chemutai alichagua kuchora zahanati. Hakuiweka mahali rahisi. Aliiweka Kapsokwony, kwenye mteremko ule mkali, mahali ambapo mama mjamzito hubebwa kwa pikipiki mpaka barabarani. Alienda mwenyewe na futi ya kupimia, akapima mlima kutoka juu mpaka chini, akapima maji ya mvua yanapopitia, akachora mlango wa wajawazito upande ambao pikipiki inaweza kufika. Yote hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta yake.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Nyeusi, nzito, betri imekufa, haiwaki bila waya, na ikiwaka inanguruma kama posho mill ya mbali. Lakini ilichora.

Jumamosi moja Chemutai alikuja nyumbani bila kutarajiwa, begi mgongoni, uso umemshuka. Wezi walikuwa wamevunja hosteli. Walichukua simu ya rafiki yake na mkoba wa Chemutai, na ndani ya mkoba kulikuwa na flashi aliyowekea kazi yake ili asiipoteze.

"Kompyuta hawakuiona, Mama. Ilikuwa chini ya nguo chafu," alisema, akiishusha juu ya kitanda cha mama yake kama anayelaza mtoto. "Sasa kazi iko humu peke yake. Nakuachia."

"Si ukae nayo, ufunge mlango?"

"Mlango gani? Walikuja na nyundo! Na mimi sasa niko atachi, najifunza kazi kwa kontrakta, nafanya na kompyuta yao mchana kutwa. Hii nitaijia kabla ya siku ya kuonyesha kazi."

"Nisiiguse?"

"Usiiguse, usiiwashe. Panya wasiilalie tu."

Ndani ya begi lile lile aliacha pia kidude chake cha kusomea vitabu. Kidude hicho ni cha kijivu, hakina rangi, hakipigi simu, hakichezi video. Kazi yake ni vitabu tu. Alipewa na shemasi wa kanisa alipomaliza sekondari, kwa sababu macho ya Chemutai yana shida tangu utotoni: akitazama kioo cha simu kwa muda, yanatoa machozi na kichwa kinauma. Kile cha kijivu hakina mwanga wa kuchoma. Ni kama karatasi. Alikuwa akikalia ndoo iliyofunikwa hapo nje, juani, anasoma mpaka mama anamwita mara ya tatu.

Alipokuwa akiondoka alijinyoosha, akashika bega. "Afadhali nimeitua, Mama. Hii kitu siku moja itanivunja mgongo."

Maneno ndiyo hayo. Chepngeno aliyashika haya ya mgongo, akayaweka moyoni. Yale mengine aliyasikia pia, lakini mapenzi ya mama yana masikio yake.

*

Anayeshiriki makosa haya, ingawa hajui mpaka leo, ni jirani yake Mwihaki. Wazee wa Mwihaki walitoka upande wa Nyandarua wakanunua shamba Trans-Nzoia zamani, na yeye na Chepngeno hukutana kila asubuhi pale barabarani wakingoja gari la maziwa. Wanapenda kuchokozana.

"Ati Chemutai bado anabeba lile jiwe?" Mwihaki aliuliza, mtungi umesimama kati ya miguu yake.

"Wacha mtoto wangu, Mama Kang'ethe. Jiwe lenyewe ndilo linasoma."

"Linasoma nini? Kang'ethe wangu alitupa kompyuta kitambo. Ako na tableti. Kitu nyembamba hivi kama chapati! Vitabu humo, kuandika humo, picha humo. Wewe endelea na mambo ya zamani mpaka msichana apate kibiongo, akose hata bwana."

"Na kuchora? Yeye kazi yake ni kuchora."

"Si iko na kioo, bana? Unapitisha kidole, mstari unakuja. Hata mtoto wa nasari anachora."

Chepngeno alicheka, lakini moyo ulikuwa umeshaanza safari. Hakuuliza jambo moja tu: Kang'ethe anafanya kazi gani na hiyo tableti yake? Kang'ethe anauza viatu kwa mtandao. Anapiga picha kiatu, anaandika bei, basi. Kwa kazi hiyo tableti inatosha na inabaki. Mwihaki hakudanganya. Alisema ya mtoto wake, na Chepngeno akadhani ni ya watoto wote.

Wiki hiyo ndama jike alipata mnunuzi. Chepngeno akafunga begi la Chemutai kwa leso, akashuka Kitale.

*

Duka la Ngige liko katikati ya duka la viatu na kinyozi, limejaa simu mpaka dari. Ngige mwenyewe ni kijana mwenye maneno laini, anayekuhudumia wewe huku akimhudumia mwingine nyuma yako.

"Karibu, mathe. Unaleta ama unachukua?"

"Naleta hii ya zamani, nataka tableti. Mtu wangu alisema mnabadilisha, mtu anaongeza juu."

Ngige aliifungua kompyuta, akaichomeka, ikanguruma. Akatingisha kichwa. Akakishika kile kidude cha kijivu, akakigeuza mbele nyuma. "Na hii nayo?"

"Ni ya kusoma vitabu."

"Hakuna haja ya kukaa na vitu mbili, mathe. Tableti inasoma vitabu, tableti ni kompyuta. Unaweka zote hapa, unatoka na kitu kimoja mkononi, mtoto anakushukuru."

Hapo Chepngeno aliuliza swali lake. Msiseme hakuuliza. "Na vitu vya mtoto vilivyo ndani? Huwezi kunitolea laini ya hiyo kompyuta, niweke kwa hii mpya?"

Inafaa mwelewe alikuwa akiwaza nini. Miaka miwili nyuma simu yake ilianguka ndani ya maji ya ng'ombe ikafa kabisa. Alitoa laini, akaitia kwenye simu nyingine, na jamani, pesa zake zote zilikuwepo, namba za watu zilikuwepo, hata ya daktari wa mifugo. Tangu hapo alijua kwamba simu ni ganda tu, roho yake iko kwa laini. Ganda likivunjika, unahamisha roho. Ni nani kwetu asiyejua hivyo? Ni nani hajafanya hivyo?

Ngige alicheka, si kwa ubaya. Kulikuwa na mteja anamvuta shati. "Kompyuta haina laini, mathe. Lakini usijali, siku hizi vitu viko hewani. Akiweka laini kwa tableti, akiingia, anavipata."

Hewani. Hilo alilielewa. Pesa pia huwa hewani, hakuna mtu anayeziona zikipita, na hufika. Akanunua laini mpya hapo hapo, akaisajili kwa kitambulisho chake, akamwona Ngige akiiingiza kwa sindano ndogo, kioo kikawaka rangi zote za duniani. Akaridhika. Alipotoka aliiacha kompyuta juu ya meza, na hakugeuka kuitazama.

*

Alifika Bungoma siku ya pili, amevaa gauni la kanisani. Chemutai alimkuta ameketi kwenye kitanda chake cha hosteli, sanduku jipya mapajani.

"Mama! Umekuja kufanya nini? Kuko sawa nyumbani?"

"Kuko sawa. Fungua."

Chemutai alifungua. Acheni niseme ukweli, alifurahi. Aliipitisha mikononi, akaupima uzito, akacheka ile ya kukosa pumzi. "Mama, umetoa wapi hii? Eh! Mimi? Nitakuwa naonyesha watu kazi yangu humu, si kubeba makaratasi!" Akamkumbatia mama yake, akamwita majina ya utotoni. Chepngeno angependa dunia ingesimama hapo.

"Na mgongo wako sasa utapona," mama alisema. "Lile jiwe limeenda."

"Jiwe gani?"

"Kompyuta. Na kile kidude. Nilibadilisha na hii. Laini nimeshaweka, wewe ingia tu, vitu vyako viko hewani."

Chemutai hakupiga kelele. Aliketi. Akaweka tableti kitandani taratibu, kama yai.

"Mama, hewani wapi?"

"Kijana wa duka alisema—"

"Sikuweka hewani, Mama. Bandozi ya intaneti nitoe wapi ya kupandisha kazi kubwa vile? Nilikuwa na ile flashi. Flashi iliibwa." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ndiyo maana nilikuletea wewe."

Chepngeno aliirudisha tableti ndani ya sanduku lake. Akasimama, akachukua mkoba. "Twende Kitale. Sasa hivi. Nitamrudishia kitu chake, anirudishie changu."

Walimkuta Ngige anafungua duka asubuhi iliyofuata. Aliposikia alishika kichwa kwa mikono yote miwili, na huruma yake haikuwa ya uongo.

"Mathe, mbona hukuniambia iko na kazi ya shule? Mimi nilijua ni ya zamani, mmeiacha. Niliisafisha. Yote. Mashine ikiingia hapa lazima niisafishe kabla niuze, si vizuri kuuza siri za watu. Na imeshachukuliwa, pamoja na kile cha vitabu, na jamaa mmoja wa kwenda Lodwar."

"Mpigie," Chepngeno alisema.

"Hata nikimpigia, mathe, haina kitu. Nilifuta."

"Mpigie tu."

"Mama," Chemutai alimshika mkono. "Twende."

*

Sasa mtasema, si angechora tena? Alijaribu. Kipimo cha mteremko kilikuwa kimepotea pamoja na ramani, kwa hivyo alipanda tena Kapsokwony, na mvua kubwa ilikuwa imeanza. Pikipiki ilimfikisha katikati ya mlima ikakataa. Alipima akiteleza, karatasi zinalowa, akarudi na nusu ya namba. Kule kwa kontrakta muda wake wa atachi uliisha wiki hiyo hiyo, na wenzake chuoni kila mmoja alikuwa ameinamia kompyuta yake akikimbizana na kazi yake. Aliazima kwa huyu saa moja, kwa yule nusu saa. Mtu hawezi kujenga nyumba kwa kuazima nyundo kila baada ya msumari.

Ikabaki tableti, maana pesa ya ndama ilikuwa imeisha na kompyuta nyingine haikununulika. Ile programu ya chuo ya kuchorea haikukubali kuingia. Alitafuta nyingine ndogo ya bure, akachora kwa kidole. Kidole ni kinene, mstari ni mwembamba. Ukuta aliotaka unyooke ulikaa kama mkia wa mbuzi. Akifuta, anafuta na dirisha. Na akiwa katikati, kioo kinalia, tangazo linashuka, ujumbe unaingia, anapoteza mahali alipokuwa. Chepngeno alikuwa amekuja kukaa naye siku hizo, ampikie tu, na alimwona akifuta machozi kwa kona ya leso, asijue ni ya kilio au ni ya ule mwanga.

"Pumzika macho, mama yangu," alimwambia. "Soma kidogo hata kitabu, kama zamani."

"Nisome wapi?" Chemutai aliuliza, bila hasira. "Vitabu viko humu humu, Mama. Kwa mwanga huo huo."

Siku ya kuonyesha kazi Chepngeno alienda naye. Hakuitwa, alienda tu. Mtoto alipoingia kwenye chumba cha walimu, yeye alisimama nje na kuomba, na alipoona mlango umefunguka kidogo alijipenyeza. Mwalimu mkuu wa somo alikuwa mama wa makamo, Madam Phelista, mtu wa Bungoma kabisa.

"Kalibu, mama, keti," alisema, kwa ile sauti ya kwao. "Wewe ndiye mzazi?"

"Ni mimi, mwalimu. Na ni mimi niliharibu. Mtoto hana makosa. Kazi yake ilikuwa imeisha, nikaiuza bila kujua. Kama ni adhabu, nipeni mimi."

Walimu wengine walitazama meza. Madam Phelista aliishika tableti, akaupitisha mchoro wa Chemutai taratibu, akaukuza, akaupunguza. Alikuwa anatafuta kitu cha kusifu, ilionekana usoni.

"Mama, hapa hakuna adhabu. Sisi tunapima mchoro. Hii kitu si mbaya, mimi mwenyewe niko nayo nyumbani. Kama ni kumwonyesha mwenye plot picha ya nyumba yake, hii ni nzuri kuliko kompyuta. Kama ni kusoma barua, sawa. Lakini hapa kuna watu watalala ndani ya hili jengo, wengine wamebeba mimba. Nikipitisha ukuta kama huu, fundi ataujenga hivyo hivyo." Akamgeukia Chemutai. "Mawazo ni mazuri, binti yangu. Huu mlango wa upande huu, sijaona mwanafunzi akiuwaza. Lete ramani yake kamili. Utarudi na kundi la mwaka ujao."

"Mwaka mzima?" Chepngeno aliuliza.

"Mwaka mzima, mama. Pole sana."

Chemutai alisema asante. Alisema asante vizuri, akaichukua tableti, akaufunga mlango nyuma yao polepole, asiupige.

*

Nyumbani Endebess, Chemutai hakumlaumu mama yake hata siku moja. Hilo ndilo lilimmaliza Chepngeno. Angetukana, angevunja sahani, mama angejua la kushika. Lakini alikamua, alifagia, aliitikia akiitwa. Ile ndoo ya nje haikukaliwa tena. Tableti ilikuwa mezani, na watoto wa jirani wakija walichezea michezo ndani yake, naye akawaacha. Mwihaki alipouliza kule kwa maziwa kama msichana ameshapenda chapati yake, Chepngeno alisema ameipenda.

"Mwaka ujao utarudi, si ndiyo?" alimwuliza binti yake siku moja wakipukuchua mahindi.

"Tutaona, Mama."

"Tutaona ni nini? Madam alisema mawazo yako ni mazuri."

"Nilipima ule mlima mara mbili," Chemutai alisema. "Mara ya tatu sijui kama miguu itakubali." Wakaendelea kupukuchua.

Baadaye alipata kazi katika mji mdogo wa Kwanza, kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Misumari, mabati, simenti, rangi. Mwenye duka alimpenda kwa sababu hakosei hesabu ya mabati ya nyumba, mtu akimwambia upana na urefu anajibu papo hapo. Mwaka ule wa kurudi ulifika. Chuo kilimpigia, kikapiga tena. Hakwenda, na mwaka ukapita.

Chepngeno alikwenda kumtembelea siku ya soko, akiwa na maziwa ya mursik, yale yaliyogandishwa, kwenye chupa. Duka lilikuwa limejaa, akasimama mlangoni kando ya mifuko ya simenti angoje watu wapungue. Mbele yake alikuwa mwanamume mmoja, mkulima, na mkewe. Walikuwa wamevuna vizuri, walitaka kujenga.

"Sista," yule mume alisema, "hatujui tuanzie wapi. Shamba letu limelala mteremko, maji yanapita katikati. Hakuna mtu hapa anaweza kutuchorea hata kwa karatasi tu, tuone itakaa namna gani?"

Chepngeno alitaka kusema, huyo hapo, mko mbele yake, muulizeni. Aliona mkono wa Chemutai ukigusa kalamu iliyokuwa juu ya kaunta. Ukakaa juu yake kidogo.

"Hapana," Chemutai alisema. "Hapa tunauza vifaa tu. Mtafute mtu wa kuchora huko Kitale."

"Wewe hujui hata kidogo?"

"Sijui," alisema, akaiondoa kalamu. Kisha akainua macho, akamwona mama yake mlangoni, na akatabasamu kama anavyotabasamia kila mteja. "Karibu, Mama. Ulikuwa unataka misumari?"